Makaa ya Msimu Ujao

Hässelby, Stockholm, Jumapili, tarehe 10 Januari 2010. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, hakuna upepo, theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Jua limezama saa tisa na dakika kumi alasiri. Ni miaka thelathini na mitano na miezi minne tangu nilipoondoka Kalemie, kwetu Kongo.

Jiko linawaka. Jana lilikuwa limezimika, na nililizima mwenyewe kwa makusudi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katikati ya Januari tangu nihamie nyumba hii. Nitaeleza kwa nini, lakini lazima nianze siku ya Jumanne.

Kwa wasomaji wachache wa blogu hii ambao hawajafika kwangu: nyumba yangu ya mbao naipasha moto kwa makaa ya mawe. Si mkaa wa miti. Ni yale meusi yanayong'aa, yanayochimbwa ardhini. Jiko lenyewe linanizidi umri kwa miaka thelathini hivi. Ni la chuma cha kusubu, linanifika kifuani, lina miguu minne iliyopinda na mlango wenye vidirisha vya ulanga, yale madini yanayopitisha mwanga bila kupasuka kwa moto. Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa nyanya na matango wakati Hässelby ilipokuwa imejaa nyumba za vioo, na nyumba hizo alizipasha moto kwa makaa majira yote ya baridi. Mtu mwenye rundo la makaa uani hanunui kuni za sebuleni. Nyumba za vioo zilivunjwa, yeye akafariki, rundo likaisha, jiko likabaki.

Majirani wote sasa wana mashine zinazovuta joto kutoka ardhini. Hawasemi kitu, lakini moshi wangu wanauona. Binti yangu Furaha, ambaye anafundisha sayansi shuleni, anasema yote ambayo majirani hawasemi.

Kazi ya jiko haina siri. Saa kumi na mbili asubuhi natikisa wavu wa chuma ulioko chini ya moto, majivu yanaanguka kwenye droo, droo naimwaga nje katika pipa la bati. Nafungua kilango cha chini, hewa inaingia, baada ya robo saa makaa yaliyolala yanakuwa mekundu, naongeza koleo moja, nangoja, naongeza nyingine. Jioni naufukia moto: koleo mbili za makaa mapya, majivu kidogo juu yake, kilango cha chini kinabaki wazi kwa upana wa kidole. Kilango cha juu, cha bomba la moshi, hakifungwi hata siku moja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa na marehemu mke wangu Birgitta. Makaa ya mawe yakifungiwa moshi wake huua watu usingizini, wala hawasikii harufu.

Nilihitaji kufundishwa, ingawa sikukubali. Baba yangu alichimba makaa ya mawe karibu na mto Lukuga, si mbali na Kalemie, na mimi nimekua nikimwona akirudi mweusi wa vumbi, meupe ya macho tu yakionekana. Kwa hiyo tulipohamia hapa, mwaka 1985, nilimwambia mama mkwe wangu, ambaye bado alikuwa hai, kwamba makaa nayajua tangu tumboni mwa mama. Kumbe nilichokijua ni mbabula, lile jiko dogo la kwetu la mkaa wa miti, ambalo unalijaza mpaka juu na kulipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nikalijaza jiko la chuma mpaka juu. Nikafungua mlango. Nikapepea.

Moto ulikufa, na majivu yalipanda hewani yakatua kwenye mapazia meupe ya mama mkwe. Alitazama mapazia, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba baba yangu bila shaka alikuwa mtu wa kuchimba, si wa kuwasha. Nilicheka miaka mingi baadaye.

Sasa Jumanne.

Makaa naletewa na mzee Bengt, ambaye huagiza shehena moja kwa mwaka kutoka nje ya nchi kwa ajili ya wahunzi, watu wenye magarimoshi ya kizamani, na wakaidi wachache kama mimi. Kila Januari hupiga simu kuandika orodha. Makaa yenyewe huja mwezi wa tano, ardhi ikishayeyuka, kwa ajili ya baridi itakayofuata. Jumanne asubuhi alipiga, nilikuwa na ndoo ya majivu mkononi.

"Arobaini, kama kawaida?"

"Kama kawaida," nikasema.

Akaniuliza habari ya goti langu, nikamuuliza habari ya mkewe, tukaagana. Nikaandika kwenye kalenda ya ukutani, katika mwezi wa tano: makaa, magunia 40. Halafu nikaenda kumwaga majivu. Sikuona kosa lolote.

Na kosa lilikuwa hili. Tangu miaka mitatu iliyopita, kaka yetu mkubwa alipofariki, nimekuwa nikimwambia dada yangu Mwavita kwamba narudi nyumbani. Narudi kabisa, si kutembea. Kwanza nilisema mvua zikiisha. Halafu nikasema nikimaliza mambo ya nyumba. Safari hii nilitaja mwezi: mwezi wa saba mwaka huu. Kila Jumapili tunazungumza kwa simu, na kila Jumapili nikisema hivyo yeye hujibu: "Bon, yaya, tunakungoja." Kwetu mdogo humwita mkubwa wake yaya, awe mwanamume au mwanamke.

Tunakungoja. Neno hilo nimekuwa nikilila kila wiki kama mtu anavyokula akiba. Niliona kwamba huko ng'ambo ya dunia kuna watu wanaonikosa.

Alhamisi Furaha alikuja kutoka kwake Rissne na mikate ya iliki. Hula mmoja njiani, huleta mitatu. Aliweka maji ya kahawa jikoni, akasimama mbele ya kalenda. Mimi huongea naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi. Ndivyo tulivyoishi tangu aanze shule, na hakuna kati yetu anayeona ajabu. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Pappa, makaa haya ya nani?"

"Ya hapa."

"Ya lini?"

"Ya msimu ujao."

"Msimu ujao si utakuwa kwa shangazi Mwavita?"

Nikasema uongo wa haraka, ule ambao mtoto wa darasa la pili angeuona: kwamba mtu atakayenunua nyumba anaweza kuyahitaji.

Furaha alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Atakayenunua nyumba atalitoa jiko hili siku ya kwanza na kuweka televisheni mahali pake."

Kisha akaacha kucheka. Akakaa. Akaniambia jambo ambalo, alisema, alikuwa analibeba tangu Krismasi na hakujua aniambie vipi.

Mjukuu wa Mwavita anaitwa Nyota. Ana miaka ishirini na sita, ni muuguzi, na yeye na Furaha huandikiana mtandaoni kwa Kifaransa kibovu cha Furaha na Kifaransa kizuri cha Nyota. Nyota amechumbiwa. Nilijua hilo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba watu wa mchumba wake wamekuja kutoa mali, yaani mahari, mara mbili, na mara zote mbili wamerudishwa. Mara ya pili walikuja na mbuzi, wakarudi nao, wakipita barabarani mchana kweupe, watu wakiwaangalia.

"Kwa nini walirudishwa?" nikauliza.

"Kwa sababu ya kiti chako," Furaha akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha habari za kiti hicho, Pappa."

Ni kweli, nilimfundisha. Katika ukoo wetu mali ya msichana hupokewa na mwanamume aliye mkubwa kuliko wote, akiwa amekaa kwenye kiti cha babu, ambacho sasa kiko kwa Mwavita, na yeye ndiye anayeshika kamba ya mbuzi wa kwanza. Akifa, anakaa anayemfuata. Asipotaka, aseme kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, na anayemfuata anakaa. Lakini akisema yuko njiani anakuja, basi hakuna mtu anayeweza kukikalia, hata kama njia hiyo inachukua miaka. Tangu kaka afariki mkubwa ni mimi. Anayenifuata ni Kabwe, mdogo wetu wa mama mwingine, mtu mpole, fundi cherehani, ambaye hawezi kukaa hapo bila ruhusa hata nyumba ikiungua.

Nilikuwa mwalimu. Desturi hizi nilizifundisha darasani kabla sijawa mtu wa Ulaya. Sikuhitaji kuelezwa na msichana aliyezaliwa Stockholm.

Kwa hiyo Mwavita aliposema tunakungoja, alikuwa anatoa taarifa. Mimi nikasikia mapenzi.

Hilo liliniuma kuliko mbuzi. Naliandika kwa sababu shajara isiyosema jambo la aibu haina kazi. Furaha alipoondoka sikumfikiria Nyota kwanza. Nilijifikiria mimi, na miaka mitatu ya Jumapili ambazo nimejiona mtu wa kutamaniwa, kumbe nilikuwa gogo lililoanguka barabarani.

Ijumaa nilimpigia Bengt. Nilikuwa nimeamua nifute agizo. Hoja yangu ilikuwa rahisi: nikifuta makaa, nitalazimika kwenda. Bengt alisikiliza, akauliza kama nimeshamwaga majivu siku hiyo. Nikasema bado.

"Basi usiniambie leo," akasema. "Mtu ambaye hajamwaga majivu hughairi kila kitu. Orodha naipeleka Jumatatu. Usiponipigia mpaka hapo, yako ni arobaini."

Jumamosi asubuhi sikutikisa wavu. Nilitaka kujua ninachokiacha. Nilikaa kwenye kiti changu nimevaa koti, nikaangalia vidirisha vya ulanga vikitoka rangi ya chungwa kwenda kahawia kwenda kijivu. Chuma kinapopoa hutoa mlio mdogo, tik, halafu kimya kirefu, halafu tik. Kufikia saa sita mchana nilikuwa naona pumzi yangu ndani ya nyumba. Chumbani na bafuni nina mashine za umeme, kwa hiyo sikuwa na hatari yoyote. Nilikuwa mzee tu aliyekaa kwenye baridi kwa hiari yake.

Nilijaribu kufikiria Kalemie kwa usahihi, jinsi ninavyojaribu kuandika. Si Kalemie ya kichwani. Niliuliza: saa hii, ningekuwa huko, ningefanya nini? Ningekuwa nimekaa uani. Watu wangekuja kunisalimia, na wengi wao nisingewajua. Walimu wenzangu niliofundisha nao wamekufa wote. Wawili walikufa gerezani mwaka uleule niliokuja huku kwa kozi ya mwaka mmoja, na barua iliyoniambia nisirudi iliandikwa na mke wa mmojawao. Baada ya barua hiyo nilingoja serikali ibadilike. Ilipobadilika kukawa na vita. Vita vilipopungua Birgitta akaugua. Kwa kila miaka kumi nilikuwa na sababu nzuri, na zote zilikuwa za kweli.

Lakini Birgitta amefariki tangu 2006, na sababu zimekwisha. Goti si sababu, dawa za presha zinapatikana. Nilikaa pale mpaka nikabaki na neno moja.

Sitaki.

Sijawahi kuliandika. Nilikuwa nimeiangalia Kalemie kwa miaka thelathini kama mahali nilipozuiwa kwenda, na mtu aliyezuiwa hana haja ya kujiuliza kama anataka.

Saa nane mlango ukagongwa. Alikuwa Wasswa, rafiki yangu wa Rågsved. Treni ya kijani inatoka kwao mpaka kwetu bila kubadilisha, na kila Jumamosi huvuka mji mzima nayo ili tucheze dama na ili, kwa maneno yake mwenyewe, aote moto wa bure. Alikuja Uswidi akimkimbia yule mwanajeshi aliyeitawala Uganda miaka hiyo, mwaka mmoja kabla yangu. Kiswahili chake alikiokota Nairobi, na hajawahi kukirekebisha.

Aliingia, akasimama, akanusa.

"Mwalimu, umekufa?"

"Bado."

"Sasa mbona nyumba iko namna ya mochari? Nimevuka Stockholm yote kwa ajili ya hiyo jiko, si kwa ajili ya sura yako."

Nikamweleza yote, kuanzia simu ya Bengt mpaka mbuzi. Hakukatiza. Alikuwa amekaa na kofia kichwani na mikono ndani ya mikono ya koti. Nilipomaliza akauliza kama najua kwa nini yeye mwenyewe alirudi Uganda halafu akaja tena huku. Nilijua kwamba alikwenda mwaka 1988 na kukaa miezi minane. Sababu hakuwahi kunipa, nami sikuwahi kumuuliza.

"Nilijenga nyumba Masaka," akasema. "Nzuri. Bati jekundu. Kila mtu alikuwa ananiita Ssebo, Ssebo, bwana mkubwa. Nikisimama, kijana analeta kiti. Nikishika panga nikate nyasi, mtu ananinyang'anya. Nyinyi waswahili mnasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu, mimi miezi minane hakuna mtu alinipa jembe."

"Ukawaambia nini ulipoondoka?"

"Niliwaambia nakuja huku kwa daktari, narudi." Akatazama jiko. "Ndugu yangu alingoja na ile nyumba mpaka akakufa. Hakuna mtu analala ndani. Popo tu. Nikupe ushauri ama tuwashe moto kwanza?"

Tukawasha moto kwanza.

Makaa ya mawe hayashiki kiberiti. Unaanza na gazeti, halafu vijiti vya mbetula, ule mti wa huku wenye gamba jeupe, vikavu kabisa. Vikishika unaweka vipande vikubwa. Vikiwa vyekundu, ndipo unatupa makaa kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa, kijiko kimoja, unangoja ameze. Ukimimina mengi umeua moto. Kwa dakika kumi hayafanyi lolote ila kutoa moshi wa njano na harufu ya salfa. Halafu unasikia mvumo chini kabisa, kama maji yanayokaribia kuchemka, na ndimi ndogo za samawati zinatembea juu ya meusi. Hapo umeshinda. Ilituchukua saa moja na nusu. Wasswa alishika tochi na kunilaumu kwa kila hatua.

Ushauri wake ulikuwa sentensi moja, na alinipa akiwa amepiga magoti, uso umejaa masizi.

"Mwambie huyo dada yako leo, ama ukae kimya mpaka ufe, lakini usimwambie tena mwezi wa saba."

Kisha akanifunga michezo mitatu ya dama mfululizo.

Leo asubuhi nilitikisa wavu, nikamwaga majivu, nikanawa, nikavaa shati. Sikwenda kanisani. Saa nne, ambayo kwao ni saa tano, nilimpigia Mwavita. Hupokea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Allo, yaya. Umeshaamka?"

"Nimeamka. Habari ya huko?"

"Habari ni mvua. Na magoti ya Kabwe. Kwenu theluji iko?"

"Iko. Mwavita, Nyota anangoja tangu lini?"

Nikasikia kuku, na redio ya mtu mwingine.

"Nani alikuambia?"

"Furaha."

"Huyo mtoto ana mdomo," akasema, lakini bila hasira. "Bon. Tangu mvua za mwaka juzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, yaya? Wewe ulisema unakuja. Mimi ni nani wa kumwambia mkubwa kwamba haji?"

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, Kiswahili kizuri, sentensi sita, zenye utangulizi na shukrani. Nikaiacha karatasi mezani.

"Mwavita, siji."

"Huji mwezi wa saba ao huji?"

"Siji."

Nilitegemea alie, nakiri. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Badala yake alisema, "Ngoja, usikate," na nikasikia ndala zake zikikimbia uani, mwanamke wa miaka sitini na minane, akimwita Kabwe, akimwita mama Pascaline wa nyumba ya jirani. Kadi yangu ya simu ilikuwa inakwisha, nami nilisikiliza kuku. Aliporudi alikuwa anahema.

"Nimeweka sauti ya wote. Kabwe yuko, mama Pascaline yuko, na mimi. Sasa sema tena. Na jina lako, ili kesho mtu asiseme Mwavita alijitungia."

"Mwavita..."

"Sema, yaya. Watu wamesimama kwenye mvua."

Nikasema. Mimi, Sangwa, mwana wa Kalunga, niliyekuwa mkubwa baada ya kaka yangu, nasema kwa kinywa changu kwamba sirudi Kalemie. Kiti akikalie Kabwe. Mali ya Nyota aipokee yeye.

Maneno yote hayakuchukua nusu dakika. Nilikuwa nimesimama bila kujua kwamba nimesimama.

Kabwe akakohoa. "Yaya, mimi sikukitaka."

"Najua. Ndiyo maana nakupa. Kaa."

"Sasa hivi?"

"We Kabwe, kaa," sauti ya mwanamke ikasema, bila shaka mama Pascaline, "tuna nguo za kuanua."

Nikasikia miguu ya kiti ikiburutwa kwenye saruji, na mtu mzito akikaa. Mwavita akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha kazi, si cha sherehe. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo kwa miaka.

"Na wewe sasa watakuzika wapi?"

"Hapa. Karibu na Birgitta. Mahali papo."

"Kwenye hiyo baridi?"

"Kwenye baridi hii."

Akafikiri. "Basi waambie wakuwekee na mbabula," akasema, na ndipo akacheka, kicheko chake cha utotoni ambacho huanza puani, nami nikacheka, na Kabwe, ambaye sasa ndiye mkubwa, alikemea kwamba mambo ya kuzikana hayachekwi. Tukanyamaza wote wawili mara moja. Alikuwa na haki ya kutunyamazisha.

Mali itapokewa kabla ya Februari kwisha. Kabwe anataka shati jeupe kutoka Ulaya, kola namba arobaini na mbili. Hayo tu ndiyo waliyoniomba.

Nyota aliniandikia mchana kupitia kwa Furaha, mistari miwili ya Kifaransa. Ananishukuru, na anatumaini kwamba si yeye aliyenisukuma kusema. Nimemjibu kwamba hapana. Sijui kama ni kweli, ila yeye hana haja ya kubeba hilo.

Sijisikii mwepesi, kama watu wanavyosema hujisikia baada ya kukiri. Najisikia kama siku ile nilipostaafu kazi yangu ya huku, ya kupanga vitabu maktabani, na kurudisha funguo: mkono ulikwenda mfukoni kuzitafuta wiki nzima. Jumapili ijayo nitampigia Mwavita, na kwa mara ya kwanza tangu kaka afariki sitakuwa na mwezi wa kutaja. Tutaongea kuhusu mvua. Naogopa kidogo kwamba hatutakuwa na mengine. Nitaona.

Kesho Bengt anapeleka orodha, nami sitampigia.

Kabla ya kuandika haya nilipitia maandishi ya zamani ya blogu hii. Mara nyingi mno nimeandika "nikirudi" na "kabla sijarudi". Sikuyafuta. Nilidhani nasema kweli, na anayetaka kuyasoma ayasome hivyo. Lakini nilichokisema leo kwa simu mbele ya watu watatu nataka kiwepo na hapa, kwa maandishi, kisitegemee kumbukumbu ya mtu yeyote, hata yangu.

Nina miaka sabini na mitatu. Ninaishi Hässelby. Sitarudi.